Njaa Ndani ya Wodi: Kumpima Lishe Mgonjwa Anayelazwa

Mgonjwa anapolazwa hospitali kuna vipimo visivyoachwa. Joto la mwili hupimwa, mapigo ya moyo huhesabiwa, presha huchukuliwa, na yote huandikwa kwenye chati. Kipimo ambacho nafasi yake mara nyingi hubaki tupu ni uzito. Na swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizwi ni kama wamekonda katika miezi ya karibuni, na kama wamekuwa wakila kama kawaida yao. Upimaji wa hatari ya utapiamlo una kazi ya kuliziba pengo hilo kwa utaratibu. Kila anayelazwa, si yule tu ambaye mifupa yake inaonekana, hupimwa na kuulizwa maswali machache yaleyale. Majibu hugeuzwa kuwa alama, na alama huonyesha nani ahitaji kuangaliwa kwa karibu na afisa lishe. Ni kazi ya dakika chache, haingoji majibu ya maabara, na muuguzi yeyote aliyeelekezwa vizuri anaiweza.

Ugonjwa hula mwili kwa namna yake. Mtu mwenye afya akikosa chakula siku kadhaa, mwili hubana matumizi: huchoma mafuta yaliyohifadhiwa na kuitunza misuli kadiri iwezekanavyo. Mgonjwa mwenye maambukizi makali, aliyeungua moto, aliyevunjika paja au mwenye saratani hapati unafuu huo. Mwili wake huvunjavunja misuli ili protini itumike kwingine, hata kama mafuta bado yapo tele. Na misuli hiyo ndiyo inayokisukuma kikohozi kitoe makohozi, ndiyo inayomgeuza mgonjwa kitandani, ndiyo inayomsimamisha aende msalani. Ikipungua, mapafu hujaa, vidonda vya kulalia hufunguka kiunoni na visiginoni, mshono wa operesheni huchelewa kufunga, na vijidudu hukuta mwili usio na kinga ya kutosha. Hapo mgonjwa aliyekuja na ugonjwa mmoja hujikuta ana miwili, na siku za kulazwa huongezeka.

Jambo hili si geni kwa tiba. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji Hiram Studley, wa Cleveland nchini Marekani, alichapisha hesabu za kundi dogo la wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya kufika kwenye meza ya upasuaji, mmoja katika kila watatu alifariki. Miongoni mwa wengine waliofariki walikuwa asilimia 3.5 tu. Studley alihitimisha kwamba kiasi cha uzito uliopotea ni kipimo cha msingi cha hatari ya upasuaji, na kukipata hakuhitaji zaidi ya mizani na swali moja. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1974 daktari mwingine wa Marekani, Charles Butterworth, alilazimika kuandika makala kali akiwashutumu wenzake kwamba wagonjwa wanadhoofika kwa njaa mikononi mwao, huku urefu na uzito wao haujaandikwa popote.

Miaka 20 baadaye ukatoka ushahidi ulioshtua Uingereza. Huko Dundee, Scotland, watafiti wawili, McWhirter na Pennington, waliwapima wagonjwa 500 waliokuwa wakilazwa katika hospitali ya kufundishia. Wagonjwa 200 walikutwa na upungufu wa lishe siku ileile waliyoingia. Mafaili yao yalipofunguliwa, ni 96 tu kati ya hao 200 waliokuwa na taarifa yoyote ya lishe iliyoandikwa. Na 112 waliopimwa tena siku ya kuruhusiwa walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 5.4 ya uzito wao, na waliopungua zaidi ni walewale walioingia wakiwa dhaifu kuliko wengine. Hiyo ni nchi tajiri, yenye jiko la hospitali linalotoa milo mitatu kwa siku. Barani Afrika, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka hospitali za Afrika Kusini, Kenya na Ghana ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima waliolazwa walikuwa katika hatari ya utapiamlo tangu siku ya kuingia.

Kwa nini macho ya daktari hayatoshi? Kwanza, kukonda huja kidogo kidogo, na katika wodi yenye wagonjwa wengi waliokonda, mtu mwembamba haonekani kuwa na tatizo. Pili, mtu mnene humdanganya kila anayemtazama. Mwanamume mwenye kilo 78 na kitambi kilichobaki huonekana ameshiba. Hakuna anayefikiri kwamba miezi minne iliyopita alikuwa na kilo 90. Tatu, uvimbe huficha. Ini au figo zikishindwa kazi, maji hujaa tumboni na miguuni, mizani ikapanda wakati nyama ya mwili inayeyuka. Zamani wengi waliitegemea albumini, protini inayopimwa kwenye damu, wakiamini ikishuka ndiyo ishara ya lishe mbaya. Siku hizi inafahamika kwamba albumini hushuka hasa kwa sababu mwili unapambana na maradhi, hata kama mgonjwa alikuwa akila vizuri hadi juzi. Kipimo cha damu hakiwezi kushika nafasi ya swali.

Fomu zinazotumika duniani ni nyingi. Ipo ya Australia ya mwaka 1999 yenye maswali mawili tu, moja la kupungua uzito bila kukusudia na jingine la kula kidogo kwa kukosa hamu. Ipo ya wataalamu wa lishe wa Ulaya, inayojulikana kwa kifupi NRS-2002, inayohesabu pia ukali wa ugonjwa na kumwongezea alama moja mwenye umri wa miaka 70 au zaidi. Ipo iliyotengenezwa mahsusi kwa wazee. Inayofaa kuelezwa kwa urefu ni ile inayoitwa MUST, iliyotolewa mwaka 2003 na chama cha Uingereza cha lishe ya wagonjwa, BAPEN, kwa sababu hatua zake ni wazi na vifaa vyake ni vya kawaida.

Hatua ya kwanza ni uwiano wa uzito na urefu, yaani uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukizidi 20, mgonjwa hana alama. Ukiwa kati ya 18.5 na 20, ana alama 1. Ukiwa chini ya 18.5, ana alama 2. Hatua ya pili ni uzito uliopotea bila kukusudia katika miezi mitatu hadi sita iliyopita: chini ya asilimia 5 hakuna alama, kati ya 5 na 10 ni alama 1, zaidi ya 10 ni alama 2. Hatua ya tatu ni kwa mwenye ugonjwa mkali wa ghafla ambaye hajala chochote, au huenda asile chochote, kwa zaidi ya siku tano. Huyo hupewa alama 2 moja kwa moja. Alama hujumlishwa. Sifuri ni hatari ndogo. Moja ni hatari ya kati: chakula anachokula kiandikwe kwa siku tatu ili ijulikane kama kinatosha. Mbili na kuendelea ni hatari kubwa, na aitwe afisa lishe.

Arudi sasa yule mwenye kitambi. Tuseme urefu wake ni mita 1.70. Kilo 78 zikigawanywa kwa 2.89 hutoa 27, namba ya mtu aliyezidi uzito, kwa hiyo hatua ya kwanza haimpi alama yoyote. Lakini amepoteza kilo 12 kati ya 90, ambazo ni zaidi ya asilimia 13. Hatua ya pili inampa alama 2, na yuko kwenye hatari kubwa. Kwa macho angepita. Huenda hata angepongezwa na jamaa zake kwamba amepungua vizuri.

Ugumu halisi uko kwenye ile namba ya zamani, kwa sababu wengi hawajui walikuwa na kilo ngapi. Hapa muuguzi mwenye busara huuliza kwa njia nyingine. Mkanda wa suruali umeongezwa tundu? Pete inazunguka kidoleni? Gauni lililoshonwa kwa harusi ya mwaka jana sasa linapwaya mabegani? Meno ya bandia yamelegea? Tena, katika Afrika Mashariki uzito wa zamani mara nyingi umeandikwa mahali, ila hakuna aliyeutafuta. Anayehudhuria kliniki ya kisukari au presha, na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hupandishwa kwenye mizani anapohudhuria, na namba hubaki kwenye kadi au faili lake. Kumwomba ndugu alete kadi ya kliniki kesho asubuhi ni sehemu ya matibabu kama ilivyo kuagiza picha ya kifua.

Wapo wasioweza kusimama kabisa. Kwa hao urefu hukadiriwa kwa kupima mkono kutoka ncha ya kiwiko hadi kifundo cha mkono na kusoma kwenye jedwali. Uzito usipopatikana, utepe huzungushwa katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Kwa mtu mzima, mzingo ulio chini ya sentimita 23.5 huashiria kwamba uwiano wake huenda uko chini ya 20. Kwa mwenye uvimbe, mkono husema kweli kuliko mizani, kwa sababu maji ya ugonjwa hukaa zaidi miguuni na tumboni.

Utepe huo umepata heshima yake kubwa kwa watoto, na sehemu ya heshima hiyo imetoka pwani ya Kenya. Katika hospitali ya Kilifi watafiti waliwafuatilia zaidi ya watoto 8,000 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliolazwa kati ya mwaka 1999 na 2002. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba mzingo wa mkono uliwatambua watoto waliokuwa katika hatari ya kufa sawa na kipimo cha uzito kwa urefu, ambacho ni kigumu zaidi kukifanya kwa mtoto anayelia na mahututi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliweka mpaka wa sentimita 11.5: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake uko chini ya hapo ana utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ana utapiamlo wa wastani. Na mtoto aliyevimba miguu yote miwili kwa sababu ya lishe huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, hata mkono wake usome namba gani.

Kumpima mgonjwa siku ya kuingia na kumsahau ni nusu ya kazi, kwa kuwa hospitali yenyewe inaweza kumkondesha. Mfano ulio wazi ni upasuaji. Mgonjwa huambiwa asile wala asinywe kitu kuanzia saa sita usiku. Asubuhi inapita, saa nane mchana anaarifiwa kwamba imeingia dharura na chumba cha upasuaji hakina nafasi. Jioni anapata kikombe cha chai, na saa sita usiku katazo linaanza upya. Akiahirishwa mara mbili, amekaa siku mbili na mlo mmoja hafifu, kabla hata kisu hakijamgusa. Miongozo ya sasa ya wataalamu wa usingizi kwa wagonjwa wengi wanaosubiri upasuaji wa kupangwa inaruhusu mlo mwepesi hadi saa sita kabla, na maji hadi saa mbili kabla. Katazo la usiku kucha kwa kila mtu ni mazoea zaidi kuliko sayansi, na ni mazoea yanayopaswa kuachwa.

Lingine ni dripu. Familia nyingi huona chupa ikidondosha na kupumua: mgonjwa analishwa. Lita moja ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, nguvu isiyofika kilokalori 200, na haina protini hata chembe. Ile ya maji ya chumvi haina nguvu kabisa. Dripu hurudisha maji na huokoa maisha kwa namna hiyo, lakini aliyekaa nayo siku tano bila chakula amekaa na njaa siku tano.

Halafu kuna chakula kinachofika na kisiliwe. Trei huwekwa kando ya kitanda kwa mgonjwa ambaye mkono wake wa kulia umepooza, na saa moja baadaye huondolewa ikiwa kama ilivyokuja. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki chakula kikuu hutoka nyumbani, kwenye hotipoti iliyobebwa kwa daladala au matatu, na jamaa huruhusiwa kuingia kwa muda mfupi tu. Anayetoka mbali, au asiye na ndugu mjini, hubaki na chai, uji au anachogawiwa na jirani wa kitanda. Kwa hiyo fomu ya upimaji inayotumika huku ingefaa iwe na swali ambalo fomu za Ulaya hazina: nani atakayemletea mgonjwa huyu chakula, na mara ngapi kwa siku?

Alama kubwa ikishapatikana, lazima kitu kifanyike, vinginevyo fomu ni karatasi tu. Ushahidi mzuri umetoka Uswisi, ambako hospitali nane ziliwashirikisha wagonjwa zaidi ya 2,000 waliopatikana na hatari kwa NRS-2002. Nusu walikula chakula cha kawaida cha hospitali. Nusu walipangiwa lishe na mtaalamu, kila mmoja kwa mahitaji yake, kwa kuanza na chakula cha kawaida kilichoboreshwa kabla ya kufikiria mipira au sindano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba ndani ya siku 30 walifariki asilimia 10 ya kundi la kwanza na asilimia 7 ya kundi la pili. Ni vifo vitatu pungufu kwa kila wagonjwa 100, na silaha ilikuwa chakula. Lengo lao la protini lilikuwa kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, punguzo likiwepo kwa wenye figo mbovu. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 72 hadi 90, na yai moja lina kama gramu 6. Chai ya rangi na mkate haitamfikisha. Uji uliotiwa maziwa, karanga zilizosagwa na mafuta kidogo, maharage, dagaa, mayai, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, humsogeza. Asiyeweza kumeza huwekewa mpira wa kulishia kupitia puani, na hilo lisingojewe mpaka wiki ipite.

Jambo moja linahitaji tahadhari kubwa. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hawezi kushibishwa kwa siku moja. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia madaktari waliwaona wafungwa waliookolewa kutoka makambini wakifa baada ya kupewa chakula kingi. Sukari inapoingia ghafla mwilini, insulini hupanda na kuyasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Damu inabaki tupu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2006 unataka mgonjwa wa namna hiyo aanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani 500 kwa mtu wa kilo 50, apewe vitamini B1 kabla ya kuanza kulishwa, na chakula kiongezwe polepole kwa siku nne hadi saba huku damu ikipimwa. Watoto wenye utapiamlo mkali nao huanzishiwa maziwa maalumu mepesi, F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kabla ya kupandishwa kwenye F-100. Ndugu anayefika na sahani ya pilau iliyojaa kwa mgonjwa ambaye hajala kwa wiki mbili ana upendo wote, lakini anastahili kuelezwa hatari hiyo waziwazi, na aelezwe mapema.

Upimaji hurudiwa kila wiki, na tena siku ya kuruhusiwa. Siku hiyo uzito uandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kando ya majina ya dawa, ili kliniki itakayompokea iwe na namba ya kuanzia. Bila hivyo, akirudi miezi miwili baadaye, swali la uzito wa zamani litakosa jibu tena.

Kila wodi inahitaji mizani inayofanya kazi, utepe, na mtu mmoja kwenye kila zamu anayejulikana kuwa upimaji ni jukumu lake. Na jamaa anayekuja na kapu mchana, kabla hajakusanya vyombo na kuondoka, amweleze muuguzi wa zamu mgonjwa amekula kiasi gani na ameacha nini, na asiondoke mpaka limeandikwa kwenye chati.